Jezi Zinaporudi Stoo

Leo naomba tuziweke kando ligi za Ulaya, ambazo vijana wetu wanazijua kuliko majina ya babu zao, tuzungumze habari ya timu za shule za sekondari. Na hasa shule za miji midogo, ile miji yenye barabara moja ya lami, kituo kimoja cha matatu na soko linalochangamka mara mbili kwa wiki.

Aliyesoma shule ya bweni katika mji kama huo anaijua vizuri asubuhi ya mechi. Saa kumi na moja, giza bado zito, timu inaamshwa kabla ya kengele. Mpishi amepika chai mapema na kila mchezaji amewekewa vipande vinne vya mkate badala ya viwili. Dereva anawasha basi la shule na kuliacha lingurume, moshi unapanda hadi madirisha ya bweni, na kwenye madirisha hayo kuna vichwa vya wale ambao majina yao hayakusomwa jana usiku. Basi likitoka langoni wimbo unaanza. Haijalishi mnaenda kilomita tano au hamsini, mji mzima unajua leo shule inacheza. Mama wa mandazi anapunga mkono. Askari wa lango la benki anauliza mnacheza na nani.

Nilikuwa beki wa kushoto. Uwanja wetu uliinamia upande wa bustani ya kabeji, na nahodha akipewa nafasi ya kuchagua goli, alihakikisha kipindi cha pili tunashambulia kuelekea chini. Chokaa ya kuchorea mistari ilikuwa bidhaa ya bei, kwa hiyo tulitumia jivu la jikoni. Mwalimu wa michezo alilichekecha kwanza kwa wavu wa mbu uliotoboka ili makaa yasitukate magoti. Nilimtazama akiifanya kazi hiyo Ijumaa jioni, ameinama na debe lake, anatembea kinyumenyume kutoka kibendera hadi kibendera. Mpaka leo nikiuona mstari mweupe ulionyooka katika viwanja vikubwa vya televisheni, namkumbuka yeye.

Tulifika fainali ya zoni, tukatoka sare, mikwaju ya penalti ikaamua. Mkwaju wetu wa tano uligonga mwamba. Mpigaji alikuwa nahodha, mvulana ambaye hakuwahi kukosa penalti mazoezini. Hakulia pale uwanjani. Alilia ndani ya basi tulipoupita mnara wa simu ulio karibu na shule, kwa sababu hapo ndipo tulipozoea kuanza wimbo wa ushindi, na siku hiyo hakuna aliyeuanza. Tulimkuta mpishi akitusubiri kwenye bwalo, ametuwekea ugali na nyama ndani ya sufuria iliyofunikwa, na haikuwa Jumapili.

Ndivyo msimu wetu ulivyokwisha, mwezi Juni, saa kumi na mbili jioni.

Wasikilizaji wa nje ya Kenya huenda wangependa kujua misimu hii inavyokwenda. Kwa mpangilio tuliouzoea, muhula wa kwanza ni wa hoki, mpira wa vikapu, mpira wa mikono na raga ya wachezaji 15. Muhula wa pili ni wa kandanda, voliboli, netiboli na raga ya wachezaji 7. Muhula wa tatu ni wa mtihani, na mpira unafungiwa. Shule yetu haikuwa na fimbo za hoki wala uwanja wa vikapu, kwa hiyo mwaka wetu wote ulikuwa ule muhula wa pili. Ngazi ni ndefu: unaanza zoni, unapanda kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha mkoa, kisha taifa. Wachache waliobaki wanavaa rangi za nchi na kwenda michezo ya shule za Afrika Mashariki, kwa kawaida mwezi wa Agosti. Mwaka 2022 ilikuwa Arusha, 2023 Huye kule Rwanda, 2025 ikaja nyumbani, Kakamega.

Lakini hebu tuhesabu pamoja. Timu 16 zikiingia kwenye mchujo, 15 zitarudi nyumbani zimefungwa. Ukizikusanya shule zote za nchi, utaona kwamba kwa karibu kila mtoto aliyewahi kuvaa jezi ya shule, msimu uliishia kwa kushindwa, tena kwenye uwanja wa shule nyingine, mbele ya watu wasiomjua. Hilo halionekani kwenye magazeti, kwa sababu magazeti yanafika kwenye ngazi ya taifa, siku ya kombe. Mimi nalitaka lionekane, kwa sababu naamini ndani yake kuna kitu ambacho shule zinawapa watoto na hakuna mahali pengine wanapokipata. Ili nikieleze, nitawapeleka Iten.

Mji wa Iten uko ukingoni mwa bonde la Kerio, kwenye kimo cha mita 2,400 hivi. Ukitoka Eldoret unapokewa na lango la upinde juu ya barabara, limeandikwa kwamba hapa ni nyumbani kwa mabingwa. Si mji mkubwa. Unaweza kuutembea wote kabla chai haijapoa. Shule ya wavulana ya St. Patrick's ilianzishwa hapo na wamishonari kutoka Ireland mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ndani ya ua wake kuna miti ambayo kila mmoja una kibao chenye jina la mwanafunzi wa zamani aliyekwenda duniani na kurudi na ubingwa.

Majina hayo mengi mnayajua. Ibrahim Hussein, Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya Boston, mwaka 1988, akarudia 1991 na 1992. Peter Rono, aliyechukua dhahabu ya mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka huohuo wa 1988, akiwa na miaka 21 tu. Matthew Birir, dhahabu ya mbio za kuruka viunzi na maji kule Barcelona 1992, siku ambayo Wakenya walichukua nafasi zote tatu. Wilson Kipketer, aliyehamia Denmark na kuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu mfululizo. Wote hao walipigiwa kengele ileile na kupanga foleni ya chakula kwenye bwalo lilelile.

Watu huuliza siri ni nini. Wengine husema ni hewa nyembamba ya milimani, wengine damu, wengine maziwa ya mursik. Sina ugomvi na hewa. Lakini miji ya milimani ipo mingi, na maziwa yako kila boma. Mimi naitazama kalenda.

Mwaka 1976 alifika hapo mtawa wa Kiairishi, Brother Colm O'Connell, kuja kufundisha jiografia. Hakuwa mwanariadha, hakuwa na cheti cha ukocha. Aliyekuwa akiwafundisha wavulana mbio alikuwa mwalimu Mwingereza, Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster aliyepata nishani ya shaba ya mita 10,000 kule Montreal mwaka huohuo. Foster alipoondoka, kazi ikamwangukia mwalimu wa jiografia. Akajifunza kwa kuwauliza wavulana wenyewe, na kwa kuwatazama. Alikuja kwa muda mfupi na hakuondoka tena.

Sasa kumbukeni 1976 ulikuwa mwaka gani. Nchi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, na Kenya ilikuwa miongoni mwao. Mwaka 1980 Kenya ikasusia tena, safari hii Moscow. Tangu Munich 1972 hadi Los Angeles 1984 mkimbiaji wa Kenya hakuigusa Olimpiki. Nakumbusha jambo hili kwa sababu tunapenda kudhani mbegu hupandwa kwenye mwanga wa taa kubwa. Wavulana wa Iten wa miaka ile hawakuwa na mwanga huo wa kuukimbilia. Walikuwa na mbio za nyika dhidi ya shule ya jirani. Walikuwa na mashindano ya wilaya na ya mkoa, na labda, kwa mwenye bahati, barua ya kumkaribisha chuo Marekani. Peter Rono mwenyewe aliposhinda Seoul alikuwa mwanafunzi wa chuo kidogo cha Mount St. Mary's katika jimbo la Maryland. Msimu wa shule ndio uliowashikilia.

Na msimu wa shule una sifa moja ambayo nataka tuikamate vizuri. Unakwisha. Mwalimu hana ruhusa ya kumkimbiza mtoto mwaka mzima, kwa sababu kuna hesabu, kuna Kiingereza, kuna zamu ya kufagia darasa, kuna likizo ya kwenda nyumbani kuchunga. Mwili unapumzika bila kocha kuamua kwamba upumzike. Mwaka 1989 kambi ya mazoezi ilipoanza pale Iten, na wasichana wakakaribishwa, ilipangwa iingie ndani ya likizo za shule, Aprili, Agosti na Desemba. Shule ikifunguliwa, mtoto anarudi darasani. Wageni waliokwenda kutafuta siri walishangaa kuwakuta vijana wakijifunza kwanza namna ya kusimama, kuinua goti, kuuweka mkono mahali pake, halafu wanakimbia polepole mno, wanazungumza njiani. Hakuna aliyekuwa na haraka nao.

Naomba niwape kisa kimoja tu cha matunda ya kutokuwa na haraka. Tarehe 24 Agosti 1997, mjini Cologne, Wilson Kipketer alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 41.11, rekodi ya dunia. Rekodi hiyo ilidumu hadi tarehe 22 Agosti 2010, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 13. Aliyeivunja, kule Berlin, ni David Rudisha, kijana wa Kimaasai kutoka Kilgoris aliyekuja Iten kusoma shule ya jirani na kupokewa kwenye kambi ya Brother Colm. Rekodi ilitoka mkononi mwa mtoto wa Iten ikaingia mkononi mwa mtoto mwingine wa Iten. Kisha ikaja jioni ya tarehe 9 Agosti 2012, London. Rudisha alitangulia tangu mwanzo bila mtu wa kumwongozea kasi, akapita mzunguko wa kwanza kwa sekunde 49.28, na hakuna aliyemwona uso tena hadi kwenye utepe. Dakika 1, sekunde 40.91. Aliyemaliza wa mwisho katika fainali ile alikimbia kwa muda ambao ungempa dhahabu kule Beijing miaka minne kabla. Na wa tatu alikuwa Timothy Kitum, kijana wa miaka 17, aliyefanya mazoezi na Rudisha palepale Iten.

Nilizisikiliza mbio zile kwenye redio, nimesimama dukani kwa watu. Kabla mtangazaji hajamaliza kutaja muda, muuza duka alikuwa ameshawagawia watoto peremende bure.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Iten ya leo imejaa. Kambi zimeongezeka, wageni wanakuja kutoka pande zote za dunia, nyumba za kupanga zimejengwa hadi kwenye vichochoro, na hilo limewapa watu riziki, siwezi kulilaumu. Ila pamekuja mtindo wa mtoto kuacha shule kidato cha pili, akapanga chumba na wenzake wanne, akatafuta meneja. Mzazi anakubali kwa sababu ameona jirani amejenga nyumba ya ghorofa. Mtoto huyo hana tena muhula wa tatu. Hana wa kumwambia leo hapana mazoezi, kuna mtihani. Mbio za mitaani zipo wikendi baada ya wikendi, mwaka mzima, na kila moja ina bahasha. Akiumia goti akiwa na miaka 19, anarudi nyumbani bila nishani na bila cheti, na hakuna mpishi anayemsubiri kwenye bwalo na ugali wake.

Kwa wasichana hali ni nzito zaidi. Mwezi Oktoba 2021 Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake mjini Iten. Alikuwa na miaka 25. Mwaka 2015, akiwa na miaka 19 tu, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika kule Guiyang, China, na mwezi mmoja kabla ya kifo chake alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani katika mbio za wanawake pekee. Wanariadha wenzake, Viola Cheptoo na Joan Chelimo wakiwa miongoni mwao, waliunda shirika la Tirop's Angels, na tangu hapo wamekuwa wakisema hadharani yale yaliyokuwa yakinong'onwa: wasichana wanaokimbia huzingirwa mapema na wanaume wanaojiita makocha, wanaoshika simu zao, pesa zao na pasipoti zao. Msichana aliye shuleni ana matroni, ana mwalimu, ana marafiki thelathini bwenini watakaouliza kwa nini hajarudi. Sisemi lango la shule linazuia kila baya, tumesikia mengi ya kusikitisha ndani ya malango hayo pia. Nasema msichana wa miaka 16 asiachwe peke yake na kipaji chake.

Serikali sasa imeleta mtaala mpya, na katika shule za sekondari ya juu kuna mkondo mzima wa sanaa na sayansi ya michezo. Nimefurahi, nasema bila kusita. Kwa miaka mingi mchezo ulikuwa kitu cha kuibiwa vipindi mtihani ukikaribia, na mwalimu wa michezo alikuwa ni yule aliyeweza kupiga filimbi. Kama mkondo huu utatuletea walimu waliosomea mwili wa mtoto, viwanja vyenye nyasi na mipira zaidi ya miwili, basi heri. Ombi langu kwa wanaoupanga ni moja. Waache misimu ibaki misimu. Mtoto wa mkondo wa michezo naye awe na siku ambayo mpira umefungiwa.

Na viwanja, jamani. Kamariny, uwanja wa udongo ulio karibu na Iten, uwanja ambao mabingwa wa nusu ya dunia wamepiga mizunguko yao hapo asubuhi, ulifungwa ili ukarabatiwe, na kazi ikasuasua mwaka baada ya mwaka huku wakimbiaji wakihamia barabarani kupishana na malori. Mji uliolipa taifa hili nishani nyingi hivyo haukustahili kungoja hivyo.

Msikilizaji mmoja aliwahi kuniuliza, kwa nini unahangaika na timu za shule ilhali hakuna anayelipa kiingilio kuziona? Nilimjibu aende siku moja. Nawaambia nanyi. Muhula wa pili ukifunguliwa, tafuteni shule iliyo karibu, muulize wanacheza lini. Simameni kando ya mstari. Hakuna kiti, hakuna kivuli, mtanunua karanga kwa kijana mwenye ndoo. Mtawaona watoto wanaocheza kana kwamba dunia nzima iko pale, na kwa saa moja na nusu ni kweli iko pale. Mtaona kipa wa timu ya netiboli ambaye kesho ana somo la kemia. Wapigieni makofi hata wakifungwa, hasa wakifungwa, kwa sababu safari ya basi ya kurudi ni ndefu na makofi husikika mbali.

Nahodha wetu, yule wa penalti, siku hizi ni mwalimu katika kaunti nyingine. Tulizungumza kwa simu wiki iliyopita, nikamwambia nitaongea habari zetu redioni. Akanyamaza kidogo, akauliza kama nakumbuka Jumatatu ile.

Naikumbuka. Jumatatu iliyofuata baada ya fainali, tuliitwa stoo ya michezo baada ya masomo. Kila mmoja alikuwa amefua jezi yake mwenyewe, amri ya mwalimu, kwa sabuni ya kipande na maji baridi ya tangi. Mwalimu alikaa kwenye kiti kilichovunjika mgongo na daftari lake juu ya goti. Anaita namba, unajibu, unaiweka jezi juu ya meza, anaikunjua, anakagua kwapa na mshono, anaikunja upya kwa namna yake, namba ikiwa juu, anaweka alama. Mbili. Tatu. Nne. Nilitoa namba tatu yangu, ilikuwa imeshonwa bega kwa uzi wa bluu kwa sababu mweupe ulikwisha. Ilipofika zamu ya namba kumi, nahodha aliiweka mezani bila kuinua macho. Mwalimu aliikunjua, akaikagua kama zote, akaikunja. Kisha akaiondoa kwenye rundo, akaiweka peke yake kwenye rafu ya juu, karibu na filimbi na pampu ya mpira. Akasema, “Hii hatapewa mtu mpaka wewe umalize kidato cha nne,” akaita namba kumi na moja.